Maralal hadi Chalbi kwa gari la fowili: shuka kwanza, kanyaga mafuta baadaye

Mara yangu ya kwanza kukwama karibu na North Horr, kaskazini mwa Kenya, nilichimba mchanga saa nzima. Wenzo wa fowili (ule wa kupeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne) ulikuwa kwenye 4L, yaani gia fupi, injini inanguruma, na kila nikikanyaga mafuta gari linazidi kujizika. Kijana wa Kirendille tuliyempa lifti kutoka Loiyangalani alikaa kivulini akinitazama kwa adabu. Mwishowe akashindwa kuvumilia: "Mzee, hayo magurudumu ya mbele huwa hayazunguki?"

Nikainama kutazama. Habu za mbele zilikuwa wazi. Kwenye Land Cruiser ya zamani kama ile, wenzo hupeleka nguvu hadi kwenye difu ya mbele (lile sanduku la gia katikati ya ekseli) na kuishia hapo. Dereva lazima ashuke na kuzungusha kwa mkono vile vifundo vya katikati ya gurudumu, kushoto na kulia, ndipo tairi zipokee nguvu. Mimi sikuwa nimeshuka kuvifunga. Nilitoka Maralal siku tatu nyuma, na muda wote nilikuwa naendesha nyuma ya kioo kama niko barabara ya Mombasa.

Tangu siku hiyo njia hii naisafiri kwa sheria moja: penye shaka, nashuka natembea kwanza. Utaona katika maelezo haya kwamba karibu kila hatua inaanza na mlango wa gari kufunguliwa.

Njia yenyewe

Nimechagua njia hii kwa sababu inakupa mlima na jangwa katika safari moja. Unatoka Nairobi kupitia Nyahururu na Rumuruti hadi Maralal, makao makuu ya kaunti ya Samburu, na hadi hapo hujahitaji fowili. Mambo yanaanza ukipita Maralal kuelekea kaskazini: nyanda za juu za Poror, kisha mteremko hadi Baragoi (kama kilomita 100), South Horr (40 hivi zaidi) chini ya mlima Nyiru, halafu Loiyangalani kwenye ufuo wa Ziwa Turkana (kama 90). Kutoka hapo unalipa ziwa kisogo, unakwenda North Horr, unazunguka au kukata jangwa la Chalbi kupitia Kalacha na Maikona, na kumalizia Marsabit ambako unakuta lami ya Isiolo–Moyale.

Jumla, Maralal hadi Marsabit ni kilomita 500 na kidogo. Kwenye ramani unaweza kusema ni siku mbili. Mimi natenga tano, na ya sita naiweka akiba.

Kuna mlango mmoja wa kutokea katikati, na ni vizuri kuujua mapema. Walipojenga mitambo ya umeme wa upepo pale Sarima, mitambo 365, ilibidi watengeneze barabara ya kutoka Laisamis ili malori yaweze kubeba yale mapanga marefu. Barabara hiyo bado ipo. Gari likikusumbua kati ya South Horr na ziwa, usijikaze kwenda mbele. Geukia Laisamis, ni kama kilomita 200 za changarawe hadi kwenye lami.

Kabla ya kuondoka: msimu na habari za njia

Epuka Aprili, Mei na Novemba. Juni hadi Septemba ni salama, Januari na Februari pia, ingawa joto la Februari kule Kalacha litakufanya ujute kuzaliwa. Mvua inaharibu njia hii mara mbili: udongo mweusi wa Poror unageuka sabuni, na Chalbi, ambayo zamani ilikuwa ziwa, inakumbuka asili yake.

Habari za usalama usizichukue mtandaoni. Eneo la Baragoi na bonde la Suguta lina historia ndefu ya wizi wa mifugo, na hali hubadilika ndani ya wiki moja. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, pita kituo cha polisi cha hapo ulipolala uulize njia ikoje. Kisha uulize madereva wa malori ya mbuzi na wa zile pikapu zinazobeba abiria, maana wao wamepita jana. Wakisema subiri, subiri. Na usiendeshe usiku, hata kama umebakisha kilomita 20.

Nenda na magari mawili. Najua gharama inapanda. Lakini gari moja likizama Chalbi, la pili ndilo winchi yako, ambulensi yako na simu yako. Mtandao wa simu unapatikana kwenye miji, na katikati hakuna kitu. Simu ya setilaiti si anasa huku. Mwachie mtu wa nyumbani karatasi yenye vituo vyako, siku kwa siku, na saa ambayo asipokusikia aanze kupiga simu.

Gari na mzigo

Gari lazima liwe na fowili ya kweli, yaani lenye gia fupi (4L), na chesisi iliyoinuka. Zile gari ndogo zinazoitwa fowili kwa sababu magurudumu yote manne yanasaidiana kwenye lami yenye maji, ziache Nanyuki. Ukiniuliza mimi, Land Cruiser ya mgongo mgumu au Hilux ya dizeli, kwa sababu moja tu: spea na fundi wake wapo hadi vichakani. Nimewahi kuona Land Cruiser ikirudishiwa springi pale Baragoi chini ya mgunga kwa nyundo, kipande cha reli na chai ya rangi.

Jua mfumo wa gari lako kabla hujatoka nyumbani. Kama ni fowili ya kuweka na kutoa, usiiweke kwenye lami: gari likikata kona, magurudumu ya mbele husafiri umbali mrefu kuliko ya nyuma, na kwa kuwa yamefungwa pamoja, mfumo mzima unajisokota hadi kitu kikatike. Kwenye mchanga na kokoto tairi huteleza kidogo na kuondoa msongo huo. Kama ni ya kudumu, kama Prado nyingi na Defender, kuna difu ya katikati ambayo lazima uifunge ukiingia pabaya. Usipoifunga, gurudumu moja likining'inia hewani litachukua nguvu zote na mengine matatu yatakuangalia.

Mafuta, piga hesabu. Dizeli inayokula lita 12 kwa kilomita 100 za lami itakula 20 au zaidi kwenye mchanga na gia fupi. Kilomita 510 kwa lita 20 ni lita 102. Ongeza theluthi ya kupotea njia na kuzunguka maji: 136. Tangi la lita 90 na madumu matatu ya lita 20 yanakutosha. Jaza Maralal hadi juu. Huko mbele mafuta hupatikana kwenye madumu ya watu, kwa bei ya madumu ya watu, na yachuje kwa kitambaa.

Maji ya kunywa, lita 5 kwa mtu kwa siku, na juu yake lita 20 za gari ambazo hazinyweki na mtu. Kila kizito kikae chini na katikati ya magurudumu. Keria ya juu ni ya mahema, mikeka na tairi la pili la spea kama huna pa kuliweka. Madumu ya maji yakikaa juu, siku ukipita ubavuni mwa kilima utajua kwa nini nakuambia.

Ndiyo, spea mbili. Pia vijiti vya mpira vya kuziba pancha, kompresa ndogo ya kuunga kwenye betri, kipima upepo, jeki mbili na kipande kinene cha mbao cha kuweka chini yake (jeki bila ubao inazama mchangani kama msumari kwenye siagi), beleshi lenye mpini mrefu, kamba ya kuvutia yenye mnyumbuko, mbao za kutokea mchangani, feni belti, mipira ya rejeta, chujio la dizeli, waya wa kufungia na glavu za ngozi. Ningeweza kuendelea. Lakini glavu usisahau. Miiba ya mgunga na chuma kilichoshinda juani hukuchoma vilevile.

Upepo wa tairi

Kama kuna sehemu moja ya mwongozo huu ya kuisoma mara mbili, ni hii. Watu hununua magari ya mamilioni, halafu wanasafiri Maralal hadi Marsabit na upepo uleule waliojaza Nairobi.

Tairi likipunguzwa upepo, alama yake chini hurefuka, uzito wa gari unasambaa, na mchanga unaweza kulibeba. Tairi gumu hukata mchanga kama kisu. Hizi ndizo namba zangu kwa Land Cruiser iliyobeba mzigo wa wastani, na wewe anzia hapo kisha urekebishe kwa gari lako:

Lami, PSI (kipimo cha upepo wa tairi) 35 hadi 38. Changarawe ya mikunjo, ile barabara iliyokuwa kama bati, 28. Mawe, 25 hadi 28 na mwendo wa mtu anayetembea. Mchanga laini, 18. Ukiwa umekwama kabisa, 14 au 15 ya kujinasulia tu. Chini ya 12 tairi linaweza kuvuka ukingo wa rimu ukikata kona.

Ubaya ni kwamba tairi lililolegea hutokeza mashavu pembeni, na shavu ndilo jembamba. Kwenye mchanga halina shida. Kwenye mawe meusi ya volkano kabla ya Loiyangalani, shavu likiguswa na jiwe lenye makali linachanika, na jeraha la shavu halizibiki kwa kijiti cha mpira. Kwa hiyo usije ukashusha hadi 18 South Horr ili usishuke tena baadaye. Kila ardhi inapobadilika, simama, shuka, rekebisha. Na ukirudi kwenye mwendo wa kasi na tairi laini, linapata moto na kupasuka. Dakika 15 za kompresa ni nafuu kuliko tairi.

Pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Ukipima adhuhuri baada ya saa tatu za mwendo, namba itakudanganya kwa kupanda.

Kushuka mlima

Poror iko juu sana, baridi, mashamba ya ngano, huwezi kuamini kwamba jangwa liko chini ya miguu yako. Sogea hadi ukingo wa Losiolo uone: ardhi inakatika na kuporomoka karibu mita 2,000 hadi bonde la Suguta. Barabara haishukii hapo, ashukuriwe Mungu, lakini inashuka pia kwa njia yake, kwa mawe na makorongo yaliyochimbwa na mvua.

Simama juu ya mteremko. Shuka utembee hadi chini ukitazama wapi tairi litakanyaga. Rudi, weka 4L, gia ya kwanza, achia klachi kabisa na weka mguu mbali nayo. Injini ndiyo itakayolishika gari. Breki iguse kidogo tu, maana ukiibana kwenye kokoto magurudumu yanafunga na gari linaanza kuteleza kama sufuria. Likianza kuteleza mkia, jambo gumu la kufanya ndilo sahihi: ongeza mafuta kidogo, magurudumu yazunguke, usukani urudi.

Jiwe kubwa likiwa katikati ya njia, usilipitishe chini ya tumbo la gari. Difu imening'inia chini kuliko unavyodhani. Panda juu ya jiwe kwa tairi, na gari zima litainuka nalo. Vidole gumba viwe nje ya usukani, visiwe vimekumbatia ndani. Gurudumu likigonga jiwe, usukani hurudi kwa nguvu ya kuvunja kidole.

Pakiwa pagumu, mtu mmoja ashuke awe macho yako. Mmoja tu. Abiria watatu wakikuelekeza kwa mikono sita, mtaishia korongoni. Mkubaliane ishara kabla, na asimame mbele unapoweza kumwona, kamwe asiwe kati ya gari na jiwe.

Kupanda ni kinyume chake: chagua gia chini kabisa kabla ya kuanza, kwa sababu ukibadili katikati unapoteza nguvu. Injini ikizimika katikati ya kilima, kanyaga breki, ingiza gia ya nyuma, achia klachi na uwashe injini ikiwa ndani ya gia, urudi ulikotoka mstari ulionyooka. Usijaribu kugeuza gari kilimani. Hapo ndipo yanapopinduka.

Laga

Watu wa kaskazini huita mto mkavu laga. Kati ya Baragoi na South Horr utavuka nyingi, na zinavutia: mchanga mweupe, migunga mikubwa, kivuli. Usilale humo. Mvua inayonyesha usiku juu ya Nyiru au milima ya Ndoto, wewe ukiwa chini ya nyota tupu, itakufikia alfajiri ikiwa na magogo na mbuzi.

Laga kavu naipima kwa kisigino. Natembea kuvuka, nakanyaga kwa nguvu kila hatua chache. Kisigino kikizama kidogo, napita nilivyo. Mguu ukizama hadi kifundo, nashusha upepo hadi 18 kabla, nafunga habu, naweka fowili ukingoni, sio katikati. Halafu naingia kwa mwendo mmoja bila kubadili gia na bila kusimama hadi tairi za nyuma zipande ukingo wa pili.

Yenye maji: ukiogopa kuivuka kwa miguu, usiivuke kwa gari. Maji yanayokwenda kasi yakifika gotini yanatosha kusukuma mtu, na gari halihitaji mengi zaidi ya hapo kuanza kuelea. Kaa ukingoni, chemsha chai. Mafuriko ya huku huja kwa kishindo na hupungua kwa saa chache. Nimesubiri kwenye laga moja kaskazini ya Baragoi kutoka saa tatu asubuhi hadi saa kumi, pamoja na lori la mahindi na wanawake waliokuwa wakitoka sokoni, na yule mama aliyeketi karibu nami aliniambia, "Baba, haraka yako iko upande huu. Upande ule hakuna anayekungoja." Tukavuka jioni, maji chini ya kifundo.

Mawe meusi na upepo wa ziwa

Baada ya Sarima barabara inakunja, na ghafla ziwa liko chini yako, kijani kibichi, kubwa kuliko akili inavyokubali. Mwaka 1888 msafara wa wasafiri Wazungu, Teleki na von Höhnel, ulifika kwenye ziwa hili ukiwa na wapagazi wa pwani yetu, watu waliotoka Pangani kwa miguu, mizigo vichwani. Kila ninapolalamika kuhusu shokamzoba nawakumbuka hao.

Mteremko wa kuelekea ziwani ni mawe meusi ya volkano, yaliyomwagika kila mahali kana kwamba lori limepinduka. Mwendo wa kilomita 10 kwa saa. Ukisikia kishindo simama, zunguka gari, gusa mashavu ya tairi kwa mkono. Pancha zangu nyingi za maisha zimetokea hapa.

Tazama pia geji ya joto. Upepo wa huku ni mkali na huvuma kutoka kusini-mashariki, ukipita kati ya milima. Ukiwa unakwenda taratibu nao ukikusukuma kisogoni, feni haipati hewa ya kutosha na injini inachemka. Geuza gari, elekeza pua kwenye upepo, acha injini iendelee kunguruma polepole hadi geji ishuke. Mfuniko wa rejeta usiuguse ikiwa moto.

Loiyangalani pana maji matamu ya chemchemi, mikoma, na upepo unaozidi usiku. Funga hema kwenye gari lenyewe. Ziwani kuna mamba, kwa hiyo kuoga ni kwa ndoo.

Mchanga

Kutoka Loiyangalani kwenda North Horr unapata mchanga wa kweli, na karibu na North Horr kuna vilima vyake. Tairi 18, habu zimefungwa (mimi sasa nazigusa kwa mkono, siamini macho), 4H (fowili ya gia ndefu), gia ya pili au ya tatu. Unachotaka ni mwendo usiokatika. Si kasi, ni kutokatika. Usukani uuzungushe kwa upana, maana gurudumu lililopindwa linakuwa ukuta mbele ya gari.

Ukitaka kusimama, usifunge breki. Achia mafuta, gari lijisimamie lenyewe; breki hurundika mchanga mbele ya tairi na utashindwa kuondoka. Simama ukiwa umeelekea chini ya mteremko. Kilima cha mchanga kabla ya kukipanda panda kwa miguu uone upande wa pili, kwa sababu upepo hukata upande mmoja kama ukuta na kutoka chini huwezi kujua ni upi.

Na gurudumu likianza kuzunguka bila gari kwenda, achia mafuta hapohapo. Ile sekunde unayosema "labda kidogo tena" ndiyo inayokuzika hadi kwenye difu.

Chalbi

Hapa sina mzaha. Chalbi ikikauka ni tambarare nyeupe ya chumvi na udongo, ngumu, na mazigazi yanayokuonyesha maji pande zote. Utashawishika kwenda kilomita 100 kwa saa ukiimba. Lakini kuna mahali ganda la juu ni jembamba, na chini yake kuna tope jeusi kama uji wa wimbi.

Kanuni ni hizi. Kama mvua imenyesha ndani ya wiki mbili au tatu, usikate Chalbi. Zunguka kwa njia ya kandokando waliyokuonyesha watu wa North Horr au Kalacha. Kama ni kavu, fuata alama za malori, hata zikizunguka. Ramani ya simu itakuchorea mstari ulionyooka, nao utakupeleka kwenye tope. Palipong'aa au kuwa na rangi nzito kuliko pengine, simama mbali, shuka, piga kwa kisigino. Ganda likivunjika na kisigino kikatoka na weusi, rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe. Usigeuze gari, maana kugeuza ni kukanyaga ardhi mpya usiyoijua. Magari mawili yaachane mita 200 au zaidi, ili yakizama yasizame yote.

Ukikwama

Zima injini. Kunywa maji. Kila mtu ana wazo, mwache alitoe kivulini.

Kisha chimba. Ondoa mchanga mbele ya magurudumu yote manne, halafu chini ya difu na tumbo, kwa sababu gari lililokaa tumboni haliendi hata tairi zikiwa na kucha. Shusha upepo hadi 15. Weka mbao chini ya tairi, zikae kwa mteremko. Mara nyingi njia rahisi ni kurudi nyuma kwenye alama ulizojia, tayari zimeshindiliwa. Hakuna mbao? Mikeka ya gari, hata turubai lililokunjwa.

Ukivutwa na gari lingine, kamba ifungwe kwenye kulabu iliyoungwa kwenye chesisi. Kamwe usiifunge kwenye lile tufe la kuvutia trela. Tufe likikatika linaruka kama risasi, na watu wamekufa hivyo. Weka blanketi zito katikati ya kamba, na watu wote wasimame mbali kuliko urefu wake. Winchi Chalbi haina mti wa kufungia. Chimba shimo refu kidogo kuliko kiuno, weka tairi la spea ndani likiwa limesimama wima, pitisha mnyororo kwenye rimu, fukia na ushindilie. Inachosha, ila inashika.

Gari likifa kabisa, usiliache. Kaeni kwenye kivuli chake. Watu wanaopotea jangwani mara nyingi ni wale waliotembea, na hii ndiyo mara pekee ninayokukataza kutembea.

Visimani na manyattani

Wazee wengi wa huku hawasemi Kiswahili, kwa hiyo jifunze salamu: "Sopa" kwa Wasamburu, "Ejok" kwa Waturkana, "Nagaa" kwa Wagabra na Waborana. Ukifika kisimani, zima gari mbali, salimia, ungoje. Ngamia na mbuzi wana zamu yao, iliyopangwa kabla hujazaliwa, na rejeta yako haipo kwenye orodha. Ukingoja bila kunung'unika, mtu atakuja kukuuliza unataka lita ngapi. Picha omba kwanza. Kambi pia omba, kwa mzee wa hapo, na ukubaliane malipo kabla ya kushusha mzigo.

Marsabit

Ukipanda kutoka Maikona hewa inapoa, na baada ya siku tano za chumvi unakuta ukungu na msitu. Usikimbilie lami. Jaza tairi hadi 35, fungua habu, toa fowili. Spana mkononi, zunguka nati zote: keria, springi, shokamzoba, vichwa vya betri. Barabara ya bati hulegeza kila kitu, na safari ya zaidi ya kilomita 500 za lami hadi Nairobi, kwa mwendo wa kasi, ndiyo itakayokuonyesha kilicholegea. Kung'uta chujio la hewa, utashangaa.

Halafu tafuta wa kuosha gari, na umwambie aanzie chini. Chumvi ya Chalbi inajificha juu ya tangi na ndani ya chesisi na kula chuma miezi mizima baada ya wewe kusahau safari. Kijana aliyeniosha mara ya mwisho alilala chali kwenye maji machafu, akagonga juu ya chesisi kwa bisibisi, likadondoka donge jeupe la ukubwa wa ngumi. Akalilamba kidogo, akacheka. "Mzee, hii ungeniletea nyumbani." Nikamwambia arudi chini, upande wa kushoto bado.